Asante kwa Kujibu Dodoso la Aprili

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima, basi angalau inakukuta umekaa. Sisi huku tunasukuma siku. Mama bado anakaa kwangu tangu apasuliwe goti. Ameanza kutembea bila fimbo mpaka jikoni, na akifika huko kazi yake ni moja, kuniambia chumvi haijakolea. Binti yangu yuko darasa la tano. Amejifunza desimali, kwa hiyo hakuna mtu mzima anayepumua ndani ya nyumba hii.

Najua unanilaumu kwa kuandika mara chache. Sijasahau usemi wako kwamba kwenye simu mtu hujibu "mzima" kabla hajajiuliza. Basi leo nimejiuliza, na jibu ni kwamba sina raha.

Kazi yangu unaijua. Wazee elfu moja mia moja na themanini walikubali, kwa hiari yao na bila malipo, kujibu dodoso letu kwenye simu kila mwezi: wanalalaje, wameanguka, wanasahau, wamezungumza na watu wangapi wiki hii. Wewe ni mmoja wao. Nilikuandikisha mwenyewe miaka miwili iliyopita, mkono wako ukiwa na povu la sabuni. Mwaka wa kwanza walijibu karibu wote. Mwezi uliopita walijibu mia sita na kumi na wawili.

Wafadhili wamesema dodoso la Aprili likijibiwa na chini ya nusu, mradi unafungwa. Tuko watu saba ofisini. Kila asubuhi, kabla sijavua koti, nafungua kompyuta kuangalia namba. Mkuu wangu hupita nyuma ya kiti changu, husimama kidogo, huondoka. Afadhali angefoka.

Wote nawatumia ujumbe wa kukumbusha, mara tatu kwa wiki, na kadiri ninavyotuma ndivyo wanavyonyamaza. Wewe umekaa na wateja miaka arobaini, na vichwa vile vile vilikuwa vinarudi kwako. Nifanye nini watu wasinichoke?

Ni mimi mpwa wako.


21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku kadhaa, karani alikuwa anaumwa na dirisha likafungwa. Mimi mzima. Duka lipo. Mwambie dada kwamba goti si la kushindana nalo, atembee kama mtu aliyealikwa, si kama mtu anayedai.

Sasa sikiliza. Mteja hamwachi kinyozi kwa sababu ya foleni, wala kwa sababu kiti kimechanika. Palikuwa na mwalimu mmoja, nilimnyoa miaka kumi na moja, kila Jumamosi ya pili. Ghafla akapotea. Nikasema amehama. Baadaye nikakutana naye msibani, nikamwuliza, "Mwalimu, nilikukosea nini?" Akaniambia, "Siku ile nilikueleza kwamba nimefiwa na mke wangu, ukaniuliza, pembeni tupunguze?"

Sikumsikia, mpwa wangu. Mashine ilikuwa inalia sikioni kwangu, na nilikuwa natazama nywele. Lakini yeye alikuwa amesema. Mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Ujumbe wenu naupata. "Mpendwa mshiriki, bado hujajibu." Mtu wa miaka sitini na sita anaambiwa bado hujajibu, kama mtoto ambaye hajaoga. Ukimwita mtu barabarani mara tatu, ya nne atatafuta njia nyingine ya kupita. Punguza. Halafu waambieni majibu yao yamefanya kazi gani. Mtu akinyolewa, humpi kioo ajione?

Na kuna kile kisanduku cha mwisho, palipoandikwa "Una jambo lingine ungependa kutueleza?" Hicho nani hukisoma? Nauliza tu.

Mjomba wako, Wembe.


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema amesikia habari ya kutembea kama mtu aliyealikwa na atakujibu mkionana. Binti yangu amepata homa, akapona, akarudi kwenye desimali.

Nilifuata maneno yako. Kukumbusha nimepunguza, mara moja tu. Halafu nikawaandikia: "Mlituambia kliniki ya wazee inaanza mchana, jua likiwa kali na mabenchi yamejaa. Tulipeleka majibu yenu kwa wahusika. Kuanzia mwezi huu inaanza saa mbili asubuhi." Hayo tu, na ni kweli tupu. Siku mbili, majibu arobaini na sita zaidi. Nilikwenda chooni nikajifungia dakika tano nikicheka peke yangu.

Halafu yakakwama. Leo ni tarehe kumi na mbili na namba haijasogea tangu Jumatatu. Mkuu amebandika ukutani karatasi yenye mstari mwekundu kwenye nusu, ili kila anayekwenda kuchukua chai auone.

Kuhusu kisanduku cha maoni: husomwa mwisho wa mwaka, tukipata mtu wa kukisoma. Kwa sasa yamelundikana maoni elfu mbili na kitu. Mimi naangalia namba, Mjomba. Mwezi huu namba ndiyo inayonila.

Umesema "duka lipo." Kwamba lipo najua, lina kuta nne. Wateja je? Na wewe je? Nakuona umenijibu kwa upana mambo yangu, na yako umeyapitisha kwa maneno mawili.

Mpwa wako.


5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Usishtuke kwa mwandiko. Nimejikata kidole gumba nikinoa wembe, jambo la kijinga kwa mtu wa rika langu, na kidole kimefungwa kitambaa. Anayeandika ni mshonaji wa mlango wa pili, yule mama mwenye cherehani mbili na redio moja. Mimi nasema, yeye anaandika. Pale anapoona nimesema vibaya ananitazama juu ya miwani na kuandika anavyotaka, kwa hiyo ukikuta jambo la busara humu, ni lake.

Habari ya kidole dada asiisikie. Akisikia atapanda basi kesho yake na goti lile lile.

Wateja wapo. Wengine wanapita, wengine wanakaa.

Usijilaumu sana kwa watu kunyamaza. Kunyamaza kuna namna nyingi. Yuko anayenyamaza kwa sababu amesahau, yuko aliyechoka, na yuko anayetaka kuona kama kutakuwa na mtu atakayeuliza yuko wapi.

Nina swali, ni la kutaka kujua tu. Mtu akiacha kujibu dodoso lenu, akanyamaza kabisa, mnafanyaje? Mnamtafuta, au mnamwacha aende zake?

Mjomba wako.


3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Mama amerudi kupika, chumvi sasa inatosha.

Nisamehe kwa kukuchelewesha. Swali lako jibu lake ni hili: mtu akinyamaza miezi miwili mfululizo, jina lake hutafutwa kwenye orodha ya majina iliyofungwa, maana siku zote sisi tunawajua washiriki kwa namba tu, na muuguzi wetu humpigia simu kumjulia hali. Katika kanuni zetu zote, hiyo ndiyo niliyoipenda.

Namba za Aprili zimetoka. Mia saba na saba. Mkuu ameibandua ile karatasi ukutani kwa mkono wake, na wafadhili wameandika kutupongeza. Usiniulize zimepandaje. Nimechoka, basi.

Kidole bado? Kidole gani huchukua mwezi kupona?

Mpwa wako.


17 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini nyumba nzima iko salama. Anaandika mshonaji tena.

Leo sina utani. Tarehe ishirini na tisa Aprili uliingia kwenye simu yangu ujumbe. Unasema: "Asante kwa kujibu dodoso la Aprili. Majibu yako yamepokelewa."

Mimi dodoso la Aprili sikulijibu. Hata la Machi sikulijibu. Niliacha kwa makusudi, na sababu yake ninayo. Sasa ujumbe unasema nimejibu. Nilimpa mshonaji simu aipekue yote, hakuona kitu. Nikajiambia labda nililijibu na kulifuta. Nikajiambia labda nilijibu nikiwa nimesimama pale dukani na sikumbuki. Dodoso lenyewe huuliza, "Je, hujikuta umefanya jambo na hukumbuki kulifanya?" Kila mwezi nilikuwa nabonyeza Hapana. Sasa sijui.

Wewe ndiye mwenye kazi hii. Nijibu kama mtaalamu, usinijibu kama mpwa. Mtu anaweza kujibu, na asijue kwamba amejibu?

Mjomba wako.

*Mimi niliyeandika hapo juu naongeza haya bila yeye kujua, na nitaifunga bahasha kabla hajaomba kuisoma. Hakujikata kidole. Mkono wake wa kulia unatetemeka tangu Desemba, na sasa hawezi kushika kalamu wala wembe. Mara ya mwisho kunyoa mtu ilikuwa Januari, alimkata mteja sikio. Kila siku anafungua duka, anakunja taulo, anakaa kwenye kiti cha wateja. Mwezi uliopita alianguka kwenye ngazi ya mlangoni. Na tangu ujumbe ule ufike, anazima jiko mara tatu, anarudi kuligusa kuona kama bado ni la moto. Ameniomba nimfichie nyembe zote, anasema hajijui tena. Binti, mimi ni jirani tu. Lakini niliona nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki.*


24 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sitakupa habari za nyumbani kwanza, maana mkono wangu utakimbilia hizo na hili litabaki.

Akili yako nzima. Hukujibu. Nilijibu mimi.

Kwenye mfumo wetu kuna mahali pa kuingiza majibu ya mtu aliyejibu kwa mdomo kwenye simu. Pana kitufe cha kunakili majibu yake ya mwisho. Tarehe ishirini na tisa tulikuwa na majibu mia tano sitini na manne, na nusu ni mia tano na tisini. Nilichukua walionyamaza Machi na Aprili, kwa sababu majibu yao ya Februari nilijiambia bado ni mapya, na hali ya mzee itabadilika nini kwa miezi miwili. Nilianza na thelathini. Nikaona thelathini zitatufikisha juu ya mstari kidogo tu na mtu atashuku. Niliishia mia na arobaini na watatu. Sikuona jina hata moja, ni namba. Nilisahau kwamba mashine, ikipokea jibu, hutuma shukrani yenyewe.

Na sikufikiri jambo moja. Hao walionyamaza miezi miwili ndio ambao muuguzi angewapigia Mei. Nilipowajazia, wote wakatoka kwenye orodha yake.

Barua yako ilipofika niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, Mama akiuliza nani anabisha. Kesho yake nilifungua orodha iliyofungwa. Inaruhusiwa mshiriki akiwa na shida. Nikatafuta jina lako, nikapata namba, nikafungua majibu yako ya Februari, yale niliyoyanakili. Mikono hutetemeka? Ndiyo, kila siku. Umeacha kazi unayoipenda? Ndiyo. Na kwenye kisanduku cha maoni umeandika: "Mkono wa kulia unatetemeka tangu Desemba. Nimemkata mteja sikio. Sijamwambia mtu. Nimeona nianze na ninyi."

Ulituambia, ukaniuliza nani husoma, nikakujibu mwisho wa mwaka. Ndipo ukaacha.

Nilinakili maneno hayo, Mjomba, nikayapeleka kama majibu ya Aprili, na sikuyasoma.

Jumatatu naingia kwa mkuu kumweleza. Niambie nije lini, nikupeleke hospitali.

Mpwa wako.


15 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Anaandika mshonaji. Nimeshamgombeza kwa alichoongeza, na nimeshamshukuru, kwa mpangilio huo.

Nimekaa na barua yako wiki mbili kwa sababu kila nilipoanza kuijibu nilisema maneno ambayo huyu mama alikataa kuyaandika.

Kuhusu mkono sina hasira na wewe. Mkono ni wangu, na kuficha nilificha mwenyewe. Hata kisanduku, mimi mwenyewe nilimkosa yule mwalimu akiwa mikononi mwangu, sembuse wewe mwenye watu elfu. Kinachonichoma ni zile wiki tatu. Nilikuwa najipima kila asubuhi. Nataja wateja wa Jumamosi mmoja mmoja kwa zamu zao, nikikwama kwa mmoja naanza upya, jasho linanitoka. Nilishika jiko mpaka nikaungua kiganja. Nilikuwa najiaga, unaelewa? Kidogo kidogo, kama mtu anayefungasha. Wiki zote hizo wewe ulikuwa unajua namba zimepandaje.

Usije sasa. Ukija nitakuambia yameisha, kwa sababu ukiwa mbele yangu sijawahi kukunyima kitu, na hayajaisha.

Alhamisi nakwenda hospitali na mshonaji. Amefunga cherehani siku nzima kwa ajili hiyo.

Wewe uliniomba ushauri mwezi wa pili. Nakupa wa mwisho. Wale mia na arobaini na wawili waliobaki, wapigie. Usiwatumie ujumbe. Wapigie mmoja mmoja, useme wewe ni nani na umefanya nini, halafu unyamaze usikilize.

Mjomba wako.


8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sitakuuliza daktari alisema nini, utaniambia ukitaka. Mama ananiona nikiandika huku pua inavuja, nimemwambia ni mafua. Sijui mafua yatadumu mpaka lini.

Mkuu alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Mimi nilikutisha kiasi hicho?" Akasema, "Hata mimi nilikuwa naogopa. Ile karatasi niliibandika kwa woga." Halafu akawaandikia wafadhili yeye mwenyewe, namba halisi: mia tano sitini na wanne. Chini ya nusu. Usimamizi wa washiriki nimevuliwa, na ni haki. Nimepewa kazi mbili mpaka mwisho wa Septemba, kusoma maoni yote, na kupiga simu na muuguzi. Baada ya Septemba hakuna anayejua kama mradi utakuwepo.

Tulipiga siku tisa. Sikuwahi kuogopa simu hivyo. Kila ikiita, naomba asipokee.

Bibi mmoja alibadilisha simu na hakujua kufungua kiungo, alikuwa anajibu peke yake kwa sauti kila tarehe moja, akidhani tunasikia. Mzee mmoja alisema tangu Januari hakuna aliyempigia, akanishika dakika arobaini kunieleza jinsi ya kuotesha mbegu za vitunguu. Watu wazima watatu walinitukana, nikasikiliza mpaka mwisho. Kumi na wanane muuguzi amewapeleka kliniki. Mmoja kati yao alikuwa ameanguka bafuni Machi na alikuwa anatembea na nyonga iliyopasuka, akisema ni baridi.

Na kuna mmoja alipokea mwanawe wa kike. Nikajitambulisha, nikaanza maelezo yangu. Akanikata.

"Baba tulimzika tarehe kumi na moja Aprili," akasema. "Tarehe ishirini na tisa simu yake ikalia mkononi mwangu. Asante kwa kujibu. Nimekaa na hiyo simu miezi miwili nikijiuliza nani anatuchezea."

"Ni mimi," nikamwambia.

Nikasikia mlango ukifungwa, nadhani alitoka nje asisikiwe na watu wa ndani. Akaniuliza, "Alikuwa anawajibu vizuri?"

Nilikuwa nayo majibu yake mbele yangu. Nikamsomea. Alilala kwa muda wa saa saba. Hakuanguka. Alizungumza na watu tisa wiki ile. Kwenye maoni aliandika kwamba binti yake amempakia nyumba rangi ya kijani na anaipenda ingawa alimwambia haipendi.

Alilia. Halafu akasema, "Sasa mfute. Wewe kwa mkono wako. Isiwe mashine."

Nilimfuta. Nilikaa nimeshika meza, muuguzi akanishika bega, tukaendelea na namba iliyofuata.

Mpwa wako.


2 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wangu. Mshonaji alinisogezea kiti akasema leo ana suruali sita za shule, nijiandikie. Herufi zinacheza ngoma, zivumilie.

Daktari alinitembeza mpaka mlangoni na kurudi. Akaniambia niguse pua yangu, kisha kidole chake, kisha pua. Akanitajia maneno matano, nikayarudia yote, na moja alilolitamka vibaya nikamrekebisha. Akasema akili yangu haina neno. Ni ugonjwa wa kutetemeka, unashika mkono na mwendo. Hauponi. Kuna dawa za kuutuliza, nimeanza, na asubuhi naweza kufunga vifungo vya shati, vyote isipokuwa cha juu.

Dada nimempigia mwenyewe. Akanitukana vizuri sana, kwa mpangilio, kuanzia utotoni. Baada ya hapo nilijisikia mwepesi. Mwambie mafua yako yanaweza kuisha.

Kiti nimempa kinyozi mwingine, mama mmoja aliyekuwa akinyoa wagonjwa wodini, mkono wake ni pamba. Mimi napokea watu na kukunja taulo. Wiki iliyopita yule mwalimu alipita. Alisikia nimeugua. Aliketi, akanyolewa na yule mama, na mimi nikavuta kiti mbele yake nikamwuliza habari za mke wake. Alizungumza saa nzima. Nywele zilikuwa zimekwisha muda mrefu.

Muuguzi wako alinipigia, kwa kuwa hata mimi nilikuwa kwenye wale. Nilimwambia anitoe kwenye orodha. Si kwa hasira. Hasira imebaki kidogo, kama vinywele shingoni baada ya kunyolewa, itatoka kwa kuoga. Sababu ni kwamba maswali yale nataka uje uniulize wewe, uso kwa uso, na mimi nitajibu nikiwa nakuangalia. Hilo litakupunguzia mshiriki mmoja. Najua unavyowahesabu. Nisamehe.

Njoo Jumamosi yoyote. Mlete dada, kwa kuwa atakuja tu.

Barua hii nimeiandika siku nne, mistari michache kila asubuhi dawa ikishika. Najua kuna mahali imeharibika. Ukikuta neno halisomeki, usikisie. Niulize.

Mjomba wako.